Barafu ya Saa Tisa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinisifia chai yangu, najiuliza anataka nini. Nikipewa siku ya mapumziko ambayo sikuiomba, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua pochi kuona kama ikama yangu, kile kibali cha kukaa Saudia, ingalipo. Mama yangu alikuwa hivyohivyo, na mwaka wangu wa kwanza Jeddah ulinimalizia masomo.

Jeddah nilifanya kazi kwa mhandisi mmoja mgeni, mpole, mtu wa kusema tafadhali hata akiomba chumvi. Nyuma ya stoo yake ya viatu alikuwa anapika pombe ya juisi ya zabibu kwenye madumu. Mimi sikujua. Mpishi wetu, mama mmoja Mfilipino, naye hakujua, au alijua akanyamaza. Polisi walikuja Ijumaa moja nikiwa nimetoka, na niliporudi nilikuta kufuli jipya mlangoni. Yule bwana ubalozi wake ulimtoa wiki ileile. Mpishi alikaa ndani miezi, kisha akapandishwa ndege na nguo alizovaa. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuonja. Aliulizwa kwa nini alikuwa akipeleka glasi na barafu sebuleni kila jioni bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo nilipohamia Riyadh nilikuwa nimeshajiapia kwamba jambo kama lile halitanikuta tena. Huko kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, hakuwa familia bali kampuni inayotunza nyumba za wageni, na sisi wanawake tulilala kwenye majengo yetu nyuma ya kompaundi, wanne chumbani. Asubuhi kila mmoja alikwenda kwenye nyumba aliyopangiwa, na machweo tukarudi. Mimi nilipangiwa nyumba ya mchezaji mpira, iliyolipiwa na klabu yake. Mskoti, mshambuliaji, umri miaka thelathini na minne, na mkewe na watoto wawili wadogo.

Nilipomtajia kaka yangu jina lake kwenye simu, yeye ambaye ni mwalimu mwenye heshima zake huko Voi, alipiga ukelele kama amekanyaga msumari. Akanieleza mabao yake moja baada ya jingine, la kichwa, la mguu wa kushoto, lile la dakika za mwisho dhidi ya mahasimu wao. Nikamwambia mimi namfulia soksi, na soksi zake zinanuka kama za watu wengine.

Lakini maisha yake niliyajua vizuri kuliko kaka yangu, kwa sababu nilikuwa nayapangusa vumbi kila Jumanne. Kwenye ukuta wa ngazi alikuwa ametundika jezi saba ndani ya fremu za kioo. Ya kwanza, chini kabisa, ilikuwa ya timu ya mji mdogo wa bandari alikozaliwa, imechujuka rangi, na madam aliniambia alianza kuivaa akiwa na miaka kumi na saba huku bado akimsaidia baba yake kuezeka mapaa. Ya pili ya timu kubwa ya mjini, ambako alikaa benchi misimu miwili. Halafu tatu za Uingereza, kila moja na mistari yake, ambako ndiko alikofunga mabao yaliyomfanya kaka yangu awe mwendawazimu. Ya sita ya bluu iliyokolea, ya timu ya taifa, mechi tisa na bao moja, na hilo bao moja alilifunga kwa bega. Ya saba ya timu aliyotoka kabla ya kuja Riyadh. Juu ya hiyo palikuwa na msumari mtupu. Madam alisema ule ni wa jezi ya huku, na kwamba hatundiki jezi ya timu mpaka amalize nayo.

Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Aliniambia nimwite kwa jina lake. Mwajiri anayetaka umwite jina, mimi namwogopa kuliko anayekupigia kelele, maana wa kelele unajua amesimama wapi. Nikaendelea kumwita bosi. Akaniambia nisijisumbue kutandika kitanda chake, atatandika mwenyewe. Nikakifunua mara mbili kuangalia anaficha nini chini ya godoro.

Baada ya mwaka mpya madam aliondoka na watoto, shule ya mkubwa ikiwa ndiyo sababu. Kabla ya kuondoka alibandika kwenye friji karatasi ya ratiba ya mechi zilizobaki, na ile ya mwisho akaizungushia duara la kalamu nyekundu. Alinieleza mwenyewe, tukiwa tunakunja nguo. Siku hiyo atarudi na watoto. Mdogo hakuwahi kumwona baba yake akicheza uwanjani, alikuwa mchanga mno. Bosi alitaka acheze mechi hiyo watoto wakimwona, kisha astaafu akiwa bado amesimama wima. Baada ya hapo, akasema madam kwa neno la huku ambalo wote tulikuwa tumelizoea, halas, yaani imekwisha.

Barafu ilianza wiki mbili baadaye.

Kwanza niliona friza imejaa mifuko ya barafu, ile mikubwa ya dukani ya wavuvi na wauza samaki. Nikadhani kuna karamu. Hapakuwa na karamu. Kesho yake mifuko ilikuwa imekwisha na mingine imeletwa. Dereva ndiye aliyekuwa akiileta, Mpakistani wa makamo mwenye ndevu za hina, mtu mtaratibu ambaye kwa miezi yote ile hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Sasa alikuwa anapitia mlango wa nyuma. Nilipomuuliza ni ya nini, aliweka kidole mdomoni akasema mafi kalam, yaani hakuna maneno, bosi amekataza.

Saa tisa mchana, baada ya mazoezi ya asubuhi na chakula, bosi alikuwa anabeba mifuko miwili anapanda nayo juu, anajifungia bafuni. Saa nzima. Mimi nikiwa chini napiga pasi nasikia barafu ikimwagwa kwenye beseni la kuogea, kisha kimya, kisha anaguna. Akitoka, uso mwekundu, macho yamelegea. Anashuka ngazi ameshika ukuta, pale pale kwenye jezi zake, hatua moja moja. Na harufu ya mnanaa iliyokuwa inamtoka ilifika jikoni kabla yake. Mtu anayetafuna peremende kiasi hicho, nikasema, ana kitu cha kuficha mdomoni.

Siku moja alinikuta nimesimama chini ya ngazi namtazama. Akatabasamu lile tabasamu lake la pembeni akaniomba, kwa upole kabisa, nisimwambie mtu yeyote kuhusu barafu. Hata madam. Hata watu wa ofisini.

Nyinyi mnaofuata mpira mmeshaelewa, na pengine mnanicheka. Chekeni. Lakini kwetu goti likiuma linakandwa. Unachemsha maji, unatia chumvi, unachovya kitambaa, unakamua, unalikanda mpaka mgonjwa atoe machozi. Baridi ndiyo adui. Mama yangu alikuwa akitufokea kwa kukanyaga sakafu bila viatu asubuhi, kwamba baridi itaingia mifupani. Kaka yangu aliumia nyonga akicheza mpira wa shule na alikandwa wiki tatu. Mtu kuchukua barafu akaiweka kwa hiari yake kwenye kiungo kinachouma ni jambo ambalo halikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwangu. Barafu nilijua inatumika wapi. Jeddah walikuwa wamenifundisha.

Nikaanza kuipekua nyumba. Nilinusa glasi zote, moja moja, kama daktari. Nilifungua madumu ya sabuni. Nilipanda kwenye kiti nikachungulia juu ya kabati, nikachomoa droo, nikapapasa nyuma ya mashine ya kufulia. Bafuni kwenyewe nilikuta taulo zilizolowa na tyubu za dawa ya kuchua ambazo sikuzijali. Chupa sikuona. Mtu wa kawaida angesema basi, hakuna kitu. Mimi nilisema huyu ni fundi.

Ijumaa nilikwenda mtaa wa Shumaisi kwa rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayesuka nywele chumbani kwake. Nilimweleza yote huku ananifumua. Hakuacha hata kuchana.

"Wee, usicheze," akaniambia. "Wakiingia hapo, yeye ako na ubalozi, ako na klabu. Wewe uko na nani? Ongea na ofisi mapema, jina lako litoke."

Usiku ule sikulala vizuri, nikimwona mpishi wa Jeddah na nguo zake za mwilini. Sikuwa na ubaya na yule Mskoti. Alikuwa anasema asante. Alikuwa ameninunulia koti la baridi mwezi wa kwanza, ingawa hata hilo nililishuku. Lakini kati yake na mimi, nilijichagua mimi, na nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu.

Msimamizi wetu kutoka kampuni alikuwa Mjordani mmoja mwenye miwani, anayepita kila Jumapili na orodha yake kuuliza kama bomba linavuja na kama AC inafanya kazi. Nilimsubiri kwenye veranda ya nyuma. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Sikutaka kutamka pombe, maana neno likishatoka mdomoni mwako linakuwa lako. Nilitaka alitamke yeye.

Nikamwambia bosi anajifungia bafuni kila siku saa tisa na mifuko miwili ya barafu. Nikamwambia anashuka ngazi akishika ukuta. Nikamwambia amekataza tusiseme. Kisha nikanyamaza nimwachie amalizie.

Msimamizi alivua miwani. Hakuonekana kushtuka. Alinisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Mguu upi?"

Sikuelewa swali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya chupa, ya wageni, ya nani anamletea. Lakini nilipoulizwa nilikuta nina jibu, kwa sababu kwa wiki tano nilikuwa nimesimama chini ya zile ngazi nikimhesabia hatua. Alikuwa anatanguliza wa kushoto kila mara, na ule mwingine anaufuatisha kama mzigo.

"Wa kulia," nikasema.

Akaandika kwenye orodha yake, akasema shukran, na akaniambia nipumzike Jumatatu yote. Nikafungua pochi. Ikama ilikuwepo.

Niliporudi Jumanne nikakuta gari la klabu nje. Walikuwa wamempeleka kupigwa picha za goti. Alirudi adhuhuri na bahasha kubwa, akapita jikoni bila kunitazama. Saa tisa sikumsikia akipanda. Niliingia jikoni nikamkuta ameketi kwenye kiti, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kiti kingine, suruali ameikunja, na mfuko wa barafu ameulaza juu ya goti waziwazi, maji yakitiririka kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki. Goti lilikuwa limevimba, limeshonwa huku na huku kama mpira wa matambara.

Nikasimama pale na ndoo yangu. Nilimuuliza kama barafu yote ile ilikuwa ya goti.

"Ya nini tena?" akasema.

Nikamwambia kwetu goti linakandwa kwa maji ya moto.

Akanieleza mwenyewe, pengine kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumweleza. Goti lilikuwa limepasuliwa mara tatu. Daktari wa klabu alimwonya tangu mwanzo wa msimu kwamba likivimba tena, hapangwi tena. Lilivimba wiki mbili baada ya madam kuondoka. Akalificha. Asubuhi alikuwa anafunga bandeji, anacheza, anacheka na wenzake, na mchana analizika kwenye barafu ili kesho yake liingie kwenye soksi. Ile harufu ya mnanaa ilikuwa dawa ya kuchua. Mechi nne tu zilikuwa zimebaki kwenye karatasi ya friji. Alikuwa amehesabu kwamba goti litamfikisha kwenye ile ya duara, na likifa siku ya pili yake, life. Sasa klabu ilikuwa imemfuta kwenye orodha. Alikuwa amefunga bao lake la mwisho bila kujua ni la mwisho, kwenye mechi ya Jeddah, na hata halikuwa zuri, akasema, mpira ulimgonga tu.

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka kumi na saba mtu anakimbia mvuani na kwenye matope, benchi, visu vya madaktari, na mimi nimekuja kumkata wiki tano kabla ya mlango, kwa sababu kwetu hatujui kutibu kwa baridi.

"Ni dereva aliyesema," akasema bosi, akiangalia goti. "Ni watu wawili tu mliojua. Yeye na wewe. Wewe nakuamini."

Kwa kawaida mtu akiniambia ananiamini, natafuta mtego. Safari hii nilitamani sana kuwe na mtego. Nilimtazama nikitumaini anajua na ananichimba. Hakuwa anachimba kitu. Alikuwa mtu mzima anayeumwa goti.

Akaongeza kwamba alishapiga simu ofisini asubuhi ile ile, na dereva hatakuja tena. Hakutaka kumwona.

Palikuwa na nafasi pale. Nakumbuka ilivyokuwa pana. Friji ilikuwa inanguruma, maji yanadondoka sakafuni, na yeye hakuwa na haraka ya kuondoka. Ningeweza kusema, bosi, ni mimi, nilidhani unakunywa. Pengine angecheka. Pengine angepiga simu ya pili. Simu ya kwanza ilikuwa imemwondoa mtu kabla ya chakula cha mchana. Niliona aibu, na woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Nikasema ndiyo, bosi, nikachukua tambara nikaanza kufuta maji chini ya kiti chake.

Baadaye nilimchemshia maji ya chumvi nikamwekea na taulo mbili, akakanda mwenyewe kunifurahisha. Akasema inasaidia. Sikumwamini.

Madam alikuja na watoto kwa ile mechi ya mwisho kama ilivyopangwa. Walikwenda uwanjani wote wanne wakakaa kwenye viti vya wageni, bosi amevaa koti na suruali ya kitambaa. Mdogo alirudi akiniuliza kwa nini baba hakuingia ndani kucheza. Wiki iliyofuata nilizifunga jezi saba kwenye mablanketi, na msumari wa nane nikaung'oa mimi kwa koleo, kwa sababu msimamizi alitaka ukuta uzibwe kabla ya mpangaji mwingine. Mlangoni madam alinikumbatia akaniandikia namba yake, akasema nikipata shida yoyote nimpigie.

Mwaka uliofuata kampuni ilinihamishia Jeddah, kwenye jengo la wafanyakazi huko Al-Mahjar, nikawa nasimamia usafi. Maji yakikatika, na yanakatika sana, linakuja lori la bauza kujaza tangi la juu. Asubuhi moja nilishuka kufungua geti, na aliyeruka kutoka kwenye usukani alikuwa ni yeye, yule dereva, ndevu za hina zimeingia mvi, shati limeganda chumvi ya jasho mgongoni. Nilitaka kurudi ndani. Alikuwa ameshaniona.

Alifurahi, au alionekana kufurahi. Aliniita dada. Alivuta mpira wa maji, akaufunga kwenye bomba, na maji yakiwa yanapanda akaniuliza habari za goti la bosi. Nikamwambia nimesikia kwa kaka yangu kwamba ameacha mpira, anafundisha vijana kwenye ile timu ya mji wao.

"Ni mimi niliyemmaliza," akasema kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga. "Yule muuza barafu alikuwa ananiuliza kila siku, ya nani, ya nani. Siku moja nikamwambia. Maneno yakafika klabuni. Bosi alifanya haki kuniondoa. Bila shaka una namba ya madam. Muombe amwambie bosi anisamehe."

Nilimtazama usoni kwa makini, kama nilivyowahi kuzitazama zile glasi. Kama alijua ni mimi, basi alikuwa amenifungulia mlango niingie mwenyewe, kwa adabu kuliko nilivyostahili. Kama hakujua, basi alikuwa amebeba langu mwaka mzima kwenye jua hili huku akidhani ni lake. Nilitafuta kwenye macho yake ni lipi kati ya hayo mawili. Nilitafuta mpaka tangi likajaa na maji yakaanza kumwagika ukutani, na bado sikupata.

Nikamwambia nitamfikishia.

Akaweka mkono kifuani, akanishukuru mara mbili, akakunja mpira wake akaondoka. Anakuja kila wiki sasa, na kila wiki ananiuliza kama bosi amejibu. Namwambia bado.